Kupanga Nyaya za Umeme na za Data kwenye Kiweko cha Darubini

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida halipati nafasi katika jarida la taaluma za Kiswahili: namna ya kupanga nyaya za darubini inayobebeka, ile inayotumiwa kupiga picha za nyota. Tumeona ni vema kulieleza hapa kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi ambayo baadhi ya wanafunzi wetu wameanza kuifanya nje ya mji wa Lubumbashi wakati wa kiangazi, nao walituomba tuwaandalie karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili. Pili, karatasi yetu ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la lugha.

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, darubini ilikuwa imeelekezwa kwenye wingu la gesi liitwalo Lagoon, katika buruji la Kausi. Kila picha ilichukua dakika 3. Ilipokaribia saa sita usiku tuligundua kwamba waya mmoja umenaswa na parafujo ya kiweko na umeanza kukazika. Mwandishi wa makala haya akapaza sauti: "Toa ile kamba!" Mwanafunzi aliyekuwa karibu alitii. Gizani alishika waya wa kwanza uliomjia mkononi, akauchomoa. Ulikuwa waya wa umeme. Kiweko kilisimama, kamera ikazimika, na kompyuta haikujua tena darubini imeelekea wapi. Kazi ikabidi ianzwe upya, na tulipokuwa tayari wingu lilikuwa limekwisha kushuka sana upande wa magharibi. Kesho yake, tulipozikagua picha, tuliona kwamba katika saa nzima iliyotangulia nyota zilikuwa zimegeuka vistari.

Mwanafunzi hakukosea. Neno "toa" halikumwambia kama achomoe au anasue, na neno "kamba" halikumwambia ni ipi kati ya zile zilizokuwapo. Karatasi tuliyoiandika sisi wenyewe ilitumia maneno hayohayo mawili tangu mwanzo hadi mwisho. Katika kurasa zifuatazo tutaeleza kwanza kiweko na mwendo wake, kisha umeme, kisha data, kisha njia ya nyaya. Mwishoni tutarudi kwenye majina.

2. Kiweko na mwendo wake

Kwa neno "kiweko" tunakusudia chombo chote kinachoibeba darubini: miguu mitatu chini na, juu yake, kichwa chenye mihimili miwili na mota zake. Dunia hujizungusha mara moja kwa muda wa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ukipima kwa nyota. Kwa hiyo nyota huonekana kusogea kwa takriban digrii 15 kila saa. Ili picha ya dakika kadhaa isiharibike, mhimili wa kwanza wa kiweko hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, na mota huuzungusha kwa mwendo uleule, kinyume cha mzunguko wa dunia. Mhimili wa pili huielekeza darubini kaskazini au kusini.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wakazi wa Katanga. Mwinamo wa mhimili wa kwanza hulingana na latitudo ya mahali. Lubumbashi iko karibu na digrii 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta. Basi mhimili huo huinuka kwa digrii chini ya 12 tu, ukielekea ncha ya anga ya kusini. Viweko vingi vilibuniwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na ikweta, ambako mhimili husimama kwa digrii 40 au 50. Kwetu sisi kichwa cha kiweko karibu kinalala. Parafujo ya kuinamishia hutokeza nje, na uzito wa kusawazisha hukaribia mguu ulio upande wa kusini. Kila penye kitu kilichotokeza, waya hupata mahali pa kunasia. Dawa ya kwanza, basi, haihusu nyaya kabisa: miguu mitatu igeuzwe hata upande wa kusini uwe wazi katikati ya miguu miwili.

Jambo la pili ni kupinduka. Katika kiweko cha aina iliyo maarufu zaidi, darubini hukaa upande mmoja wa mhimili na uzito upande wa pili. Nyota inapovuka meridiani, yaani mstari wa anga utokao kaskazini hadi kusini kupitia utosini, darubini huendelea kidogo tu, kisha hulazimika kuhamia upande wa pili ili isigonge miguu. Wakati huo mhimili wa kwanza hugeuka digrii 180, na ule wa pili nao hugeuka. Wingu la Lagoon hupita digrii 13 hivi kusini mwa utosi wa Lubumbashi, na mwishoni mwa Juni huvuka meridiani karibu na saa sita usiku. Maana yake, kilele cha uzuri wa picha na hatari kubwa kwa nyaya hukutana katika saa ileile.

3. Waya ni kamba inayovuta

Msomaji anaweza kuuliza: waya mwembamba unawezaje kukidhuru chombo chenye uzito wa kilo nyingi? Jibu liko katika hesabu ndogo. Tuseme darubini ina urefu wa fokasi wa milimita 400, na kila pikseli ya kamera ina upana wa mikroni 3.76. Pikseli moja basi hutazama kipande cha anga kisichofika sekunde 2 za pembe. Digrii moja ina sekunde 3,600 za namna hiyo. Sasa tuchukue bomba la darubini lenye sentimita 40 na tulipime pembe hiyo kwenye ncha yake: ni takriban mikroni 4. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa mikroni 100 hivi. Kwa maneno mengine, waya ukiisogeza ncha ya darubini kwa sehemu moja ya ishirini na tano ya unene wa karatasi, nyota imekwisha kuhama pikseli moja.

Zaidi ya hayo, waya unaoning'inia una uzito, na uzito huo hubadilika kadiri darubini inavyozunguka: sehemu iliyokuwa imelala chini hunyanyuliwa, na iliyokuwa imenyanyuliwa hulala. Darubini iliyosawazishwa jioni haitakuwa sawa usiku wa manane. Iko kamera ndogo ya kuongoza, ambayo hutazama nyota moja na kuiagiza mota irekebishe mwendo. Kamera hiyo huweza kusahihisha mvuto wa polepole, walau kwa kiasi. Haiwezi kusahihisha waya uliokazika kisha ukaachia ghafla.

Kutokana na hayo tunapata kanuni iliyo msingi wa makala haya: kinachodhuru si wingi wa nyaya kwa jumla, bali ni zile zinazovuka kutoka sehemu iliyotulia kwenda sehemu inayozunguka. Hizo ndizo za kupunguza, kulegeza na kujaribu.

4. Waya wa umeme

Vifaa vya darubini inayobebeka kwa kawaida hutumia umeme wa mkondo mnyofu wa volti 12. Tuchukue mfano: kiweko ampea 1, kamera yenye kipoza-joto ampea 2.5, kompyuta ndogo ampea 1, na ukanda wa joto unaozuia umande kutanda kwenye lenzi nusu ampea. Jumla ni ampea 5. Kwa usiku wa saa 8 tunahitaji ampea-saa 40. Betri ya risasi na asidi huharibika upesi ikikamuliwa zaidi ya nusu mara kwa mara. Hivyo itafaa yenye ampea-saa 80. Baridi ya Juni nayo huipunguzia nguvu. Betri ya lithi yenye fosfati ya chuma huvumilia kutumika kwa asilimia 80 hivi, kwa hiyo ampea-saa 50 zitatosha, nayo ni nyepesi zaidi kubeba. Betri ya kuwashia gari haifai sana, maana imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si nguvu kidogo kwa usiku mzima.

Wengi huishia kwenye betri na kuusahau waya wenyewe. Shaba, hata hii ichimbwayo katika ardhi yetu, huuzuia umeme kidogo. Waya wa shaba wenye urefu wa mita moja na unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa takriban omu 0.0175. Tuseme betri iko mita 5 kutoka kwenye darubini, na waya una milimita 0.5 za mraba. Umeme huenda na kurudi, basi ni mita 10, na ukinzani ni omu 0.35. Ampea 5 zikipita humo hupotea volti 1.75. Betri ya risasi iliyotumika hadi nusu hubaki na volti 12.2 hivi, kwenye darubini zitafika 10.45. Vifaa vingi vya namna hii huhitaji volti zisizopungua 11. Ndiyo maana kiweko kilichofanya kazi vizuri jioni huanza kusitasita alfajiri, na watu hukilaumu kiweko. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba kwa urefu uleule, hasara ni volti 0.35 tu. Betri ikisogezwa chini ya miguu ya kiweko, hasara hupungua zaidi.

Mambo matatu mengine yasisahaulike. La kwanza ni fyuzi: iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usishike moto endapo nyaya mbili zitagusana. La pili ni plagi. Plagi za mviringo zenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 ziko za aina mbili, moja ikiwa na tundu la milimita 2.1, nyingine la milimita 2.5. Kwa macho zinafanana. Ile ya 2.5 huingia katika soketi ya 2.1, lakini haishiki sawasawa, na umeme hukatika kila darubini inaposogea. La tatu ni kuufunga waya kwenye chombo karibu na plagi yake, ili mvuto wowote uishie kwenye kifungo na usiifikie plagi.

5. Waya wa data

Kwa neno "data" tunakusudia ishara zote zinazopita baina ya vifaa na kompyuta: picha kutoka kwenye kamera na amri za kuiongoza mota. Nyaya zinazotumika zaidi ni za USB. Waya wa USB wa kizazi cha pili haupaswi kuzidi mita 5. Wa kizazi cha tatu, wenye kasi zaidi, kwa kawaida hauzidi mita 3. Ukizidishwa, data hupotea njiani, na kompyuta hutangaza kwamba kamera haipo. Yafaa ikumbukwe pia kwamba kamera ndogo ya kuongoza hupata umeme wake kupitia waya huohuo wa USB. Kwa hiyo waya mbovu wa data huweza kuonekana kama upungufu wa umeme.

Hapo zamani kompyuta iliwekwa juu ya meza kando ya darubini. Kamera kubwa ilihitaji nyaya mbili, kamera ya kuongoza mmoja, na ukanda wa joto mmoja. Nyaya nne zilivuka kutoka kwenye bomba hadi chini. Siku hizi ziko kompyuta ndogo zinazofungwa juu ya bomba lenyewe, na mtazamaji huziamuru kwa simu au kwa kompyuta nyingine pasipo waya. Kisanduku cha kugawa umeme nacho hufungwa papo hapo juu. Nyaya za kamera na za ukanda huwa fupi, pengine nusu mita, nazo huzunguka pamoja na bomba bila kuvuka chochote. Zinazobaki kuvuka ni mbili tu: waya mmoja wa umeme unaopanda kutoka kwenye betri, na waya mmoja wa data unaoshuka kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kiwiliwili cha kiweko.

6. Njia ya nyaya

Nyaya zinazovuka zipitishwe karibu iwezekanavyo na mahali mihimili miwili inapokutana, kwa sababu hapo ndipo mwendo ulipo mdogo kuliko penginepo. Waya ufungwe mara mbili: mara moja kwenye sehemu iliyotulia, na mara moja kwenye sehemu inayozunguka. Katikati ya vifungo hivyo uachwe upinde uliolegea. Upinde ukiwa mfupi utakazika. Ukiwa mrefu mno utaning'inia na kunaswa. Katika kazi ya kawaida mhimili wa kwanza hauhitaji kuvuka sana robo duara kila upande kutoka katika nafasi yake ya kupumzika. Waya basi haujisokoti pasipo mwisho, na urefu wa upinde unaweza kupimwa mara moja tu. Waya wenye ganda la silikoni ni bora, maana hubaki laini hata kwenye baridi, ilhali ganda la plastiki la kawaida hukakamaa.

Kipimo hufanywa mchana. Vifungio vya mihimili vilegezwe, na mtu mmoja aizungushe darubini kwa mkono polepole hadi mwisho wa kila upande, huku mwenzake akizunguka kiweko na kutazama nyaya kutoka pande zote. Aangalie hasa parafujo ya kuinamishia, vichwa vya miguu na fimbo ya uzito. Kisha mota iamriwe kupindua darubini, na wote wawili watazame tena. Usiku haufai kwa jaribio hilo, kwa kuwa waya mweusi gizani hauonekani mpaka uwe umekwisha kunaswa.

7. Majina

Sasa turudi kwenye karatasi yetu. Wanafunzi wale wana lugha za mama tofauti. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha, pamoja na Kifaransa cha darasani. Kwa mazoea, kila kitu chembamba na kirefu kiliitwa "kamba", au kwa Kifaransa *câble*. Katika karatasi mpya tumetumia "waya wa umeme" na "waya wa data", na neno "kamba" tumeliachia utepe wa kufungia peke yake.

Upande wa vitenzi Kiswahili kina hazina ambayo tulikuwa tumeiacha ghalani. Kauli ya kutendua hutupa jozi ambazo kila tendo lina lake la kulibatilisha: chomeka na chomoa, nasa na nasua, funga na fungua, kunja na kunjua, tata na tatua. Anayesikia "nasua" anajua kwamba waya unabaki umechomekwa. Anayesikia "chomoa" anajua kwamba unatoka katika soketi. Tena, karatasi ya kuvunja kambi alfajiri haikuhitaji kutungwa upya: tuliisoma karatasi ya kutega kutoka mwisho hadi mwanzo, kila kitenzi kikigeuka jozi yake. Neno "toa" tumeliondoa kabisa.

Ilibaki shida ya macho. Tulidhani rangi zingesaidia, tukafunga utepe mwekundu kwenye waya wa umeme na mweupe kwenye wa data. Lakini watazamaji wa nyota hutumia tochi nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza, na chini ya taa nyekundu utepe mwekundu na mweupe hauna tofauti. Basi tumefunga uzi karibu na kila plagi: pete moja kwa umeme, pete mbili kwa data. Kidole huzitambua bila taa. Wanafunzi wenyewe walianza kusema "pete moja" na "pete mbili", na majina hayo ndiyo yaliyobaki.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba nyaya zinazovuka mihimili zipunguzwe, zilegezwe na zijaribiwe mchana. Kwamba waya wa umeme uwe mnene na mfupi, wenye fyuzi. Na kwamba waya wa data usizidi urefu wake. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuepusha kila ajali. Katika safari iliyofuata, waya ulinaswa tena kabla ya saa sita, safari hii kwenye fimbo ya uzito. Mmoja wa wanafunzi akasema kwa sauti ya kawaida: "Nasua pete mbili." Mwenzake alipapasa, akaunasua, na kiweko hakikusimama. Picha moja tu ndiyo iliyoharibika.

Tunawaomba wasomaji, hasa wale wanaofanya kazi katika karakana na maabara, watuletee maneno wanayoyatumia kwa sehemu za vyombo vyao. Bado hatujaridhika na "kiweko", na ile parafujo ya kuinamishia inastahili jina lake yenyewe.